Ubani wa Chumba cha Kufulia

Ufunguo wa ukumbi alikuwa nao Katibu wa hospitali, na siku ile alisema umepotea. Ndiyo sababu mkutano wa tawi ukafanyika katika chumba changu cha kufulia.

Nasema changu, lakini ni cha hospitali. Mimi nilikuwa kibarua tu humo, nikifua mashuka ya wodi pamoja na Bi Mwatima. Ila mimi ndiye niliyekuwa nikifungua asubuhi na kufunga jioni, na Sista Konsolata aliponijia akaniuliza, "Yumna, mdogo wangu, tunaweza kukaa kwako kidogo baada ya kazi?" nilihisi kama mtu ameniomba aje nyumbani kwetu. Nikamwambia karibuni.

Sista Konsolata ni muuguzi, mtu wa bara, amepanga mtaa wa Jadida na watoto wake. Alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi pale hospitalini. Mimi sikuwa mwanachama. Sisi vibarua hatukujua kama tunaruhusiwa, na kuuliza nilikuwa naona haya.

Kilichowakutanisha ni mkono wa Bi Mwatima. Alikuwa akifikicha shuka la wodi ya wazazi, mikono mitupu kama siku zote, na ndani ya shuka mlikuwa na sindano iliyosahauliwa. Ikamwingia chini ya kidole gumba. Wakampima, wakampa dawa za kumeza, wakamwambia arudi apimwe tena baadaye, na mpaka hapo hakuna ajuaye kama ameambukizwa. Bi Mwatima akarudi kufua akiwa amefunga kidole kitambaa. Glavu tulikuwa tumeziomba tangu kabla ya uchaguzi. Katibu alitujibu kwamba glavu ni za wodini. Na tangu uchaguzi upite, watu watatu wakisimama pamoja uwanjani pale hospitalini, hupelekwa mtu kuwauliza wanazungumza nini.

Basi wakaja. Wauguzi, watu wa maabara, wapishi, na Mzee Masoud mlinzi, ambaye ndiye msomaji wetu wa dua kila pakiwa na jambo. Lakini kabla hawajaja nilisimama mlangoni nikakinusa chumba, nikaona aibu. Mashuka ya siku mbili yalikuwa yamelowekwa kwa kuwa maji yalikatika. Harufu ile mimi na Bi Mwatima tulikwisha kuizoea, lakini mgeni huwezi kumkalisha ndani yake. Kwetu Gando mgeni hakai pahala panaponuka. Mama angejua asingenisamehe.

Nikachukua kigae, nikaomba makaa jikoni, nikafukiza. Udi ndio wa kufukizia wageni, lakini udi bei yake si ya kibarua. Nilichokuwa nacho ni ubani, umebaki katika khitma ya bibi, nimeufunga kwenye pindo la leso. Nikautia wote. Moshi ukajaa, ukatoka madirishani, harufu ikatulia.

Mkutano ulikuwa wa upole. Sista Konsolata alieleza kwamba sheria inawaruhusu watumishi wa serikali kuwa na chama chao na kukutana, na kwamba watadai glavu kwa maandishi, na wodini sindano zihesabiwe kabla mashuka hayajatoka. Hakuna aliyepaza sauti. Mwisho Mzee Masoud akasema, "Tusiondoke vivi hivi, tumuombee dada yetu." Akasoma Fatiha, akaomba dua kwa ajili ya mkono wa Bi Mwatima, na sote tukaitikia amin. Hapo sauti zilipanda, maana kila mtu alimhurumia.

Mimi nilikuwa karibu na dirisha. Nilimuona Katibu Suhail amesimama uwanjani na mkoba wake, anautazama moshi. Tulipoitikia amin ya mwisho, aligeuka akaenda zake upesi, hata salamu hakutoa.

*

Kesho yake asubuhi Katibu alikuja kazini na miwani myeusi. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba, limefumba. Mimi nilidhani ni chokea, kile kijipu cha kope, na ilikuwa chokea. Lakini kabla ya saa nne mtu wa stoo alituletea katoni nzima ya glavu, zile nene ndefu za mpira, akaziweka mlangoni, yeye mwenyewe asiingie ndani.

"Katibu kasema mtumie," alisema. "Na kasema kama kuna lolote, lifutwe."

"Lipi?" akauliza Bi Mwatima.

"Mie sijui. Mie n'natumwa tu." Akaondoka nyuma nyuma.

Bi Mwatima alizitazama glavu, akanitazama mimi, kisha akakaa juu ya beseni lililopinduliwa akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Wallahi anadhani tumemsomea Halbadiri," alisema. "Moshi wa ubani, Mzee Masoud, na amin juu yake. Na jicho likavimba usiku ule ule. Yumna weye, ubani wako una baraka."

Mimi sikucheka. Halbadiri si jambo la kuchezea. Ni kisomo cha kumshitaki mtu kwa Mungu, na watu husema anayesomewa naye ana kosa, basi huvimba, au hupofuka, au hupatwa na baya katika watoto wake. Pemba nzima hakuna asiyekiogopa. Mtu akiibiwa baiskeli akatangaza tu kwamba Ijumaa patasomwa, baiskeli hurudi yenyewe.

Habari ikaenea kuanzia jikoni mpaka maabara. Watu wakawa wanapita dirishani kwetu wakiulizana kwa macho. Mpishi mmoja akaniambia, "Yumna, hebu tufukizie na siye, mshahara uongezwe." Mzee Masoud alipoulizwa alichosoma alikuwa akitabasamu tu na kusema, "Tulisoma kilichosomwa." Na Katibu akawa akimuona Mzee Masoud getini, anateremka kwenye gari kumpa mkono.

Kicheko kilikwisha siku ya nne, Sista Konsolata alipopewa barua. Amesimamishwa kazi. Anatuhumiwa kuitisha mkutano usio na kibali ndani ya majengo ya serikali na kuwachochea watumishi. Watakuja watu kutoka ofisi ya wizara iliyo Chake Chake kumsikiliza Jumatano, na akionekana na kosa atafukuzwa. Halbadiri haikutajwa popote. Haiwezi kutajwa kwenye barua ya serikali. Lakini sote tulijua barua ile imetoka wapi. Katibu alimuogopa Mzee Masoud, kwa hiyo hakumgusa. Alimuogopa hata Bi Mwatima. Aliyebaki wa kuguswa ni mtu wa bara, asiyejua kusoma dua zetu.

*

Siku ya Jumatatu Katibu aliniita ofisini. Sikuwahi kuingia mle ila kupiga deki.

"Kaa, mwanangu."

Nikakaa ukingoni mwa kiti. Miwani alikuwa nayo bado.

"Weye ndiye uliyefungua chumba siku ile."

"Ndiyo, Katibu."

"Na ndiye uliyefukiza."

Alikuwa na kalamu mkononi, anaifungua na kuifunga.

"Sikulaumu. Weye ni mtoto wa hapa, umelelewa na adabu. Ukiambiwa na mkubwa wako lete ubani, utaleta. Sasa mimi nataka uwaambie wale wakubwa hivyo hivyo. Kwamba Konsolata alikwambia ufungue, na Konsolata alikwambia ulete ubani, uwatishe watu. Basi. Neno la ukweli halina uzito."

"Sista hakuniambia habari ya ubani."

"Fikiri vizuri." Akavuta droo, akaifunga tena bila kutoa kitu. "Majina ya vibarua watakaoajiriwa yanakwenda Unguja mwezi huu. Lako nimelitia mimi. Nimesema huyu mtoto ni mtulivu, hana maneno, hana siasa. Unataka nikalitoe?"

Nilitazama miguu yangu. Mama na wadogo zangu wote walikuwa wakilisubiri jina lile. Mama alikwisha kuwaambia majirani.

"Hii ni siasa, Yumna. Huyu mwanamke anakwenda kwao kesho, siye tunabaki. Serikali ina kumbukumbu."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliinuka akaufunga mlango, akarudi, akasema kwa sauti ya chini sana, "Hebu niambie, mtoto. Kilisomwa nini hasa?"

Pale ndipo nilipoona kwamba mtu huyu halali. Mdomo wake ulikuwa mkavu. Ningeweza kumwambia palepale, ni Fatiha tu, Katibu, nenda kalale. Neno lilifika hapa kooni.

"Ni dua," nilisema.

"Dua gani?"

Nikakumbuka kidole cha Bi Mwatima ndani ya ile glavu. Nikanyamaza. Alingoja, nikazidi kunyamaza, na yeye akaona ninamficha. Akaniambia niende, nikafikiri mpaka Jumatano.

*

Jioni yake niliwakuta Bi Mwatima na Mzee Masoud wamekaa kwenye ubao wa getini. Niliwaeleza kwa sauti ya chini yote aliyoniambia Katibu.

Mzee Masoud alizipapasa ndevu zake. "Kusema uongo juu ya Konsolata, hilo hulifanyi."

"Silifanyi, Mzee."

"Lakini na kusema yote pia si lazima. Ukiulizwa kilichosomwa, sema hujui, weye mtoto wa kike ulikuwa nyuma. Muache na hofu yake."

"Na Sista je?"

Bi Mwatima ndiye aliyejibu, na hakunitazama. "Yumna, mie nimeomba glavu kwa mdomo, nimeomba kwa kuandikiwa, nimelia. Hazikuja. Zimekuja kwa moshi. Leo n'naingiza mkono majini sitetemeki. Huyu bwana akishajua kwamba hakusomewa kitu, wambaje? Atatuachia?"

Alikuwa na haki ya kusema vile kuliko mtu yeyote.

"Konsolata ana elimu yake," aliongeza. "Atapata kazi kwao."

Lakini aliposema hivyo aliishusha sauti, na nilijua kwamba yeye mwenyewe neno lile halikumpendeza. Sista Konsolata ndiye aliyekaa naye usiku ule wa sindano, akamshika mkono mpaka dawa ikamkaa tumboni.

Nilikwenda Jadida kesho yake. Nilipita mara mbili mbele ya nyumba kabla sijabisha hodi. Sista Konsolata alikuwa anakunja nguo za watoto, sikujua ni za kuweka kabatini au ni za kufunga safari. Alinikalisha, akanitilia chai, akaniuliza mama hajambo. Kisha akasema, "Nikuulize kitu, usinicheke. Hivi Halbadiri ni nini? Kila mtu ananitajia, halafu wanakaa kimya."

Nikamweleza. Kwanza alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkatika.

"Kwa hiyo Katibu anaamini nimemloga."

"Si kuloga, Sista. Ni dua."

"Na glavu ndiyo maana zimekuja." Aliweka chini shati la mtoto. "Na ndiyo maana jana hakuna mtu hata mmoja aliyekubali kuniambia atakuja kunisemea. Wanataka aendelee kuogopa."

Nikainamisha kichwa, akajua nimekubali.

"Siwalaumu, mdogo wangu. Mwatima simlaumu kabisa. Lakini jicho litapona. Chokea ni ya wiki moja. Siku jicho likipona, zile glavu zitarudi stoo, na hapo hakutakuwa na tawi, hakutakuwa na ukumbi, na mtu wa kwanza aliyesimama atakuwa amefukuzwa. Nani atasimama tena?"

"Mimi naogopa, Sista."

"Najua."

"Jina langu linakwenda Unguja."

Nilidhani ataniomba. Angeniomba ningepata sababu ya kukasirika. Lakini alisema tu, "Basi fikiria nyumbani kwenu. Mimi sitakutaja," akaendelea kukunja nguo.

*

Jumatano ukumbi ulifunguliwa. Ule ufunguo uliopotea ulikuwa mlangoni, unaning'inia.

Walikuja watu watatu, wanaume wawili na mkubwa wao, mama mmoja wa makamo anaitwa Bi Laila, kavaa buibui jeusi na miwani ya kusomea. Sista Konsolata alikaa peke yake upande mmoja. Upande wa pili Katibu. Wafanyakazi tuliambiwa tungoje kibarazani, tuitwe kwa majina. Madirisha yalikuwa wazi, tulisikia kila neno.

Katibu alizungumza vizuri. Alisema kibali, alisema utaratibu, alisema watumishi walikusanywa katika chumba kilichojificha, na moshi, na kelele zilizowashtua wagonjwa. Alisema yaliyofanyika mle ni vitisho.

"Vitisho vya namna gani?" aliuliza Bi Laila.

"Vitisho, Bi."

"Alitishwa nani?"

Katibu alikunywa maji. "Hali ya jumla."

Wakaitwa wawili watatu. Kila mmoja aliulizwa palifanyika nini, akajibu mkutano. Ubani ulikuwa wa nini? Sijui. Kilisomwa nini? Sikumbuki. Mzee Masoud alisema yeye ni mtu mzima, masikio yake mabovu. Nilimuona Sista Konsolata anatazama meza. Kila sijui ilikuwa inamsogeza karibu na mlango.

Kisha likaitwa jina langu.

Nilisimama mbele yao, mtandio nimeushika kwa mikono miwili. Katibu aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayekumbusha.

"Ni nani aliyekwambia ulete ubani?" aliuliza Bi Laila.

Nikajibu.

"Paza sauti, mwanangu. Hatukusikii."

"Hakuna aliyeniambia."

"Ulileta mwenyewe."

"Ndiyo, Bi."

Katibu aliingilia. "Bi, ubani hufukizwa penye kisomo. Mtu akitaka harufu nzuri hufukiza udi. Huyu mtoto anajua hilo, na sisi sote tunajua."

Bi Laila alinigeukia. "Kwa nini hukufukiza udi?"

"Udi ghali, Bi."

Nje mtu alicheka, akanyamazishwa. Bi Laila hakucheka.

"Na kwa nini kufukiza kabisa?"

Hapo ulimi uliniganda. Nilijua jibu, lakini kulisema mbele za watu wale na nguo zao safi ilikuwa kama kuvuliwa mtandio. Nilisikia kalamu ya mmoja wao inangoja.

"Palikuwa pananuka," nilisema. "Na mimi nilikuwa na wageni."

Katibu alitoa sauti puani. "Chumba cha kufulia cha hospitali yangu hakinuki hivyo, Bi."

Sijui neno lilitoka wapi. "Njooni mkione," nilisema.

Bi Laila alivua miwani ya kusomea. "Tukione," alisema, akainuka.

Walinifuata uwanjani, na wafanyakazi wote nyuma yao. Maji yalikuwa yamekatika tena tangu jana yake, sikupanga mimi. Niliufungua mlango nikasimama pembeni. Bi Laila aliingia hatua chache, akasimama. Mashuka yalikuwa kwenye mabeseni, maji yake mekundu yamekwisha kuwa meusi, nzi juu yake. Mmoja wa wale wanaume alitoka nje palepale. Bi Laila alijiziba pua kwa ncha ya buibui.

"Mlikutana humu ndani? Watu wote wale?"

"Ukumbi hatukupewa," alisema Sista Konsolata. "Tuliambiwa ufunguo umepotea."

Bi Laila aliuangalia mlango wa ukumbi kule ng'ambo ya uwanja, ufunguo wake ukiwaka juani. Kisha akakiona kigae changu juu ya dirisha.

"Mwanangu," alisema, na sauti ilikuwa ya mama wa nyumbani, "kama umebaki ubani, hebu tia kidogo. Hapa hapazungumziki."

Bi Mwatima ndiye aliyekwenda kuleta makaa. Ubani ulikuwa umebaki vumbi vumbi tu kwenye pindo la leso, nikalikung'uta juu ya kaa. Moshi ukapanda. Wote wakasogea ndani kidogo, wakapumua. Wote, isipokuwa mmoja.

Katibu Suhail alikuwa amebaki nje, mbali na kizingiti.

"Ingia, Katibu, tumalize," alisema Bi Laila.

"Nasikia nikiwa hapa, Bi."

"Ingia. Una la kujibu juu ya mabeseni haya."

Hakuingia. Upepo uliupeleka moshi kwake, akarudi nyuma, mkono umekwenda wenyewe kwenye lile jicho. Watu wote walimuona. Hakuna aliyecheka safari hii. Bi Laila alimtazama yeye, akautazama moshi, akamtazama Mzee Masoud, na nikaona usoni mwake kwamba amefahamu. Naye ni mtu wa hapa.

"Kumbe," alisema taratibu. Akanigeukia. "Yumna. Siku ile kilisomwa nini?"

Mzee Masoud alikuwa amenikazia macho. Bi Mwatima alikuwa nyuma yake, mikono yote miwili ndani ya glavu, ameikumbatia kifuani kama mtu anayeshika mtoto. Nilijua wanachoniomba. Nilikuwa na neno moja la kuwafaa wao na neno moja la kumfaa Sista, na hayakuwa neno moja.

Nikamtazama Bi Mwatima mwenyewe. Niliona namtazama kwa kumuomba radhi. Yeye akafumba macho, kisha akaitikia kwa kichwa, kidogo sana, kama anayesema haya basi.

"Fatiha," nilisema. "Na dua ya kumuombea Bi Mwatima mkono wake upone. Baada ya hapo tukaenda majumbani."

"Hakikusomwa kingine?"

"Wallahi hakikusomwa."

Nilimuona Katibu akishusha pumzi. Mabega yalimteremka. Akavua ile miwani myeusi, na jicho lilikuwa limekwisha kupona, limebaki na wekundu tu. Akaingia ndani ya chumba, katikati ya moshi, kwa hatua za mtu mwenye mali yake, akanipita kama vile sipo. Nikajua kwamba hofu imemtoka, na mimi ndiye niliyeitoa.

Sista Konsolata hakumpa nafasi ya kusema. "Bi," alisema, "naomba lililotukutanisha nalo lisikilizwe, kwa kuwa mpo mbele yake. Glavu za wafuaji. Na sindano kuhesabiwa wodini. Tunaliomba kama haki ya kazi, si kwa dua wala kwa hisani ya mtu."

"Hilo silo tulilolijia," alisema yule mwanamume aliyebaki.

"Ndilo," alisema Bi Laila. Akamkamata mkono Bi Mwatima, akamvua glavu ya kulia mwenyewe, akakitazama kidole kile chenye kovu. Akakitazama sana. "Andika," alimwambia mwenzake.

*

Sista Konsolata alirudishwa kazini na onyo, kwa kutoomba kibali. Tawi likaruhusiwa kutumia ukumbi. Kuhusu glavu tuliambiwa litashughulikiwa. Alivyosema Sista ndivyo ilivyokuwa: katoni ile ilipokwisha, stoo walisema hawana nyingine mpaka waletewe.

Majina yalikwenda Unguja, langu halimo. Halafu nikaambiwa kwamba kibarua changu kinaishia mwisho wa mwezi, kwa kuwa hospitali inapunguza watu. Katibu hakuniita ofisini safari hii. Alimtuma mtu wa stoo. Mama alilia siku nzima, kisha akauliza, "Ulisema kweli?" Nikasema ndiyo. Akanawa uso akaenda kondeni.

Siku ya mkutano wa kwanza ndani ya ukumbi nilikwenda nikakaa kiti cha mwisho, karibu na mlango, ili niondoke mapema. Harufu ilikuwa ya mbao na vumbi, hapakuhitaji kufukizwa kitu. Niliwasikia wakitaja glavu, na barua ya pili. Kisha nikasikia jina langu.

"Kuna mwenzetu amepunguzwa kazi kwa sababu alisema ukweli mbele ya wakubwa," alisema Sista Konsolata. "Tawi linataka kumsimamia. Lakini si mwanachama, na asiye mwanachama hatuwezi kumsemea. Nimeuliza, kibarua anaruhusiwa kujiunga. Ila hatuwezi kumjiungia. Lazima asimame aseme mwenyewe."

Vichwa vyote viligeuka. Bi Mwatima alikuwa mstari wa mbele, mikono mitupu tena mapajani. Alinifanyia ishara ya kidevu, inuka.

"Na asipoweza, tutafanya wiki ijayo," alisema mtu kwa huruma.

"Ngojeni," alisema Mzee Masoud. Aliinuka akaenda ukutani, akaanza kufungua madirisha, moja baada ya jingine, yale ya uwanjani na yale ya upande wa ofisi, mpaka mapazia yakapeperuka. "Safari hii wasikie vizuri," alisema. "Asije mtu akapata chokea bure."

Watu wakacheka. Ng'ambo ya uwanja Katibu Suhail alikuwa anafunga mlango wa gari. Alisimama, akatazama upande wetu.

Nikainuka. Nikauachia mtandio nilioushika, nikapaza sauti kama nilivyofundishwa siku ile, nikalitaja jina langu lote na jina la baba yangu.